Msumari Ambao Lusajo Hakuusikia

Ndugu zangu wa Kibondo na Kasulu, tegeni sikio niwaambie yaliyompata Lusajo, mtu wa Tukuyu aliyeletwa na kazi kuwa mkuu wa ofisi moja mjini Kibondo.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na ofisi ilinukia chai ya tangawizi. Watumishi walitaniana. Lusajo peke yake hakutulia. Mwezi mzima kiu haikumwisha: akinywa soda mbili anataka ya tatu, akikaa kidogo mkojo unambana. Alihisi kuna jambo, ila aliogopa kupimwa, na hofu hiyo aliigeuza kuwa ukali.

Zuhra, karani wa masjala, akamsogelea. "Bosi, tunaomba jioni kazi zikiisha tuwe tunatembea pamoja hadi uwanjani. Na mama Ernesta wa kantini amekubali kutupikia maharage na mboga za majani. Chipsi za kila siku zimetuchosha."

"Hapa ni kazini, si kambi ya mpira!" Lusajo alifoka mbele ya wote. "Anayetaka mchicha akale kwake!"

Kisha akaita bodaboda impeleke benki, iliyo karibu kiasi kwamba ukiita kutoka dirisha la ofisi wanakusikia. Msomaji, humjui mtu wa namna hii? Au ndiwe?

Aliporudi, Zuhra aliona madoa mekundu sakafuni, kutoka mlangoni hadi mezani kwa mkuu.

"Bosi, unavuja damu!"

"Wapi?"

"Mguuni!"

Alivua kiatu. Msumari ulikuwa umetoboa soli na kuzama kwenye unyayo, naye hakusikia lolote. Akajifinya kidole cha mguu. Ilikuwa kama anamfinya mtu mwingine. Hapo ndipo alipoomba apelekwe hospitali.

Hospitalini walikuta sukari iko juu mno. Kidonda kikagoma kupona, kikaoza, na vidole viwili vikakatwa. Mkewe Asnath, mwalimu huko Kasulu, alifika akakaa kando ya kitanda.

"Baba Neema, hukujua?"

"Niliijua kiu. Niliogopa kuambiwa jina lake."

"Na kazini hakuna aliyekushauri?"

"Zuhra alinishauri. Nikamfokea."

Asnath akageukia ukutani, akalia.

Baada ya miezi mitatu Lusajo alirudi na mkongojo. Aliwakusanya watumishi wote. "Zuhra, nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Nisamehe mbele yao." Siku hiyo mama Ernesta alipakua maharage, mchicha na vipande vya parachichi. Jioni wote walitoka kwa miguu. Walipopunguza mwendo kwa ajili yake, Lusajo akawapungia mkono.

"Msinisubiri. Ninyi bado mna vidole kumi."

FUNZO

Kiti cha ofisi hulisha familia, lakini humla anayekikalia bila kunyanyuka. Jamani, tembeeni, punguzeni soda na mafuta, pimeni sukari kabla miguu haijafa ganzi. Nanyi wakuu wa kazi, mtumishi akiwaletea shauri la afya, msimfokee. Huenda ni ninyi anaowaokoa.