Ng'ombe wa Kamba Nne

Musyimi alikuwa ameshavuka mto mkavu, mbuzi watatu kwenye kamba, bila kugeuka nyuma. Kalekye, mkewe, alimfuata mbio akihema.

"Baba Nduku! Unauza hata huyo wa maziwa ya mjukuu?"

"Hisa zinapanda, mama. Mwau ameandika kwa simu. Leo ndiyo siku ya mwisho."

"Hata jana ilikuwa ya mwisho!"

Mwau alijiita wakala wa hisa. Hakuna aliyemjua kwa sura. Alikuwa jina tu ndani ya grupu ya WhatsApp.

Huko sokoni Tawa waliingia hoteli ya chai kumngoja Mursal, mnunuzi wa mbuzi. Kuta zilikuwa zimebandikwa magazeti ya zamani kuzuia vumbi. Mursal alifika, akasimuliwa habari ya Mwau na grupu yake, akatazama katuni ukutani juu ya kichwa cha Musyimi, akacheka.

Katuni ilikuwa ya ng'ombe aliyekonda, ameandikwa HISA. Mabwana wanne wenye vitambi walimvuta juu kwa kamba ili aonekane mrefu. Chini, maskini walisukumana kumnunua.

"Mzee," Mursal akasema, "nikileta mbuzi mgonjwa sokoni, ndugu yangu Abdiqani ajifanye mnunuzi, tupandishe bei sisi wenyewe, utanunua?"

"Mimi? Huo mchezo wa madalali naujua tangu sijaota ndevu!"

"Basi, kwa hiyo grupu, nani anasema hisa zinapanda?"

Musyimi akakoroga chai iliyokwisha korogwa.

"Mwau na marafiki zake," Kalekye akajibu. "Na pesa inaingia simu yake!"

"Hisa si mbaya, mama," Mursal akasema. "Mimi ninazo. Lakini kwanza uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kama wakala ana leseni. Akaunti iwe kwa jina lako. Na ukiharakishwa, funga mfuko."

"Nimesema tangu Jumatatu!" Kalekye akagonga meza. "Mimi nikisema ni kelele. Ukuta ukisema ni elimu!"

Musyimi alipiga simu kwa Mamlaka. Jina la Mwau halikuwepo.

Musyimi alitoka kwenye grupu. Mwau alizima simu mwezi huohuo. Jirani yao Kasiva alikuwa ameshauza ng'ombe wake wa kulima na kumtumia Mwau pesa zote. Sasa analima kwa jembe. Siku ile ya Tawa, Mursal alinunua mbuzi wawili, baada ya kubishana bei hadi jioni. Yule wa maziwa alirudi nyumbani. Mjukuu anakunywa.