Sarafu Katika Ngumi ya Shangazi

Jioni ile nilikuwa na saa ya ukutani kwapani, nikimrudishia shangazi. Ilikuwa imekaa kwangu wiki tatu. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa tu, ila mimi ni fundi saa, na wateja wangu wote wanajua kwamba hakuna mtu asiyejali wakati kama fundi saa.

Binti yake, ambaye namwita dada, alifungua mlango kabla sijabisha. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Afadhali umekuja, kaka. Hali yake imebadilika. Kaa naye nimkimbilie muuguzi, ni mtaa wa pili tu."

"Nenda. Mimi nipo."

Alitoka huku kiatu kimoja hakijaingia vizuri mguuni. Aliniamini kiasi hicho.

Chumbani taa haikuwa imewashwa. Kulinuka dawa ya kuchua na shuka zilizofuliwa. Shangazi alilala chali, pumzi inakwenda, inasita, inakwenda tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya shuka.

Umefumba.

Ukoo mzima uliujua mkono ule. Kwa miaka mingi ulikuwa ukijifumba kila jua linapozama na kufunguka asubuhi. Mwaka wa mwisho haukufunguka kabisa. Daktari alisema ni mishipa. Sisi tukasema ni uzee.

Lakini mimi nilijua kilichokuwa ndani. Nilipokuwa na miaka tisa, mchana mmoja, aliniita jikoni akanikunjulia kiganja. Palikuwa na sarafu ya fedha, nyembamba kama ukucha, imeingia weusi kwenye mistari. Upande mmoja uso wa mfalme, pua imeshalika. Upande wa pili maandishi yanayozunguka, na herufi mbili zimekatwa na ukingo. Niliporudi kwetu sikulala. Baadaye, kwa kusoma, nikajua ina umri wa miaka kama mia saba. Haikutoka mashineni. Mtu aliiweka juu ya chuma, akaipiga nyundo, na siku hiyo mkono wake ulikwenda pembeni kidogo. Ndiyo maana herufi zimekatwa. Kosa dogo la mtu mmoja, na lipo mpaka leo. Kwangu hakuna kitu kizuri kuliko hicho.

Sarafu ile ndiyo iliyonifanya mkusanyaji. Leo ninazo thelathini na moja, kila moja kwenye kikasha chake. Jumamosi wenzangu watatu huja kwenye chumba cha nyuma ya karakana, tunazitazama kwa lenzi na kubishana juu ya wafalme ambao hakuna mwingine anayewakumbuka. Mmoja wao ni mwalimu mstaafu, rafiki yangu wa miaka ishirini. Hao wote niliwasimulia habari za sarafu ya shangazi. Shangazi mwenyewe nilimwomba anipe mara tatu.

"Hii si ya kupewa, mwanangu," alinijibu kila mara.

Nilidhani ni uchoyo.

Pumzi ikasita. Nikangoja irudi...

Haikurudi.

Nilipaswa kumwita. Nilipaswa kumfumba macho, au hata kulia. Yule mwanamke alinilea likizo zangu zote. Badala yake nikaketi kitandani, nikasikiliza kama kuna nyayo uani, kisha nikashika kidole chake cha mwisho.

Kilikuwa bado cha moto. Nikakiinua. Kikatoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Nikaenda kwenye cha pili. Cha tatu kilikuwa kigumu, nikatumia mikono miwili. Nilipofika kwenye cha nne, nikasikia mtu akinong'ona karibu kabisa na sikio langu.

"Usifumbe."

Nikamtazama. Midomo haikuwa imetikisika. Sauti ilikuwa yake, na ilikuwa ya mtu aliyechoka. Pamoja nayo ikaja harufu ya chuma kilicholowa maji.

Nikajiambia ni hewa ya mwisho inatoka kifuani. Maiti hutoa hewa, kila mtu anajua. Nikatwaa sarafu.

Na nikafumba.

Dada aliporudi na muuguzi, kitu cha kwanza alichokiona ni kile kiganja kilicho wazi. Akakishika, akakiweka shavuni kwake.

"Tazama, kaka. Mama amepumzika. Mkono umemfunguka wenyewe."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Asante kwa kukaa naye," akasema.

Nilikaa na ile asante mfukoni, pamoja na sarafu.

Tulizika. Siku ya tatu baada ya maziko nilikuwa karakana, mlango wazi, jua linaishia kwenye paa la jirani. Nilikuwa nimeshika gurudumu la saa ya mkononi kwa koleo ndogo. Kitu kikanigusa kidole cha mwisho.

Nikadhani ni nzi. Nikapunga mkono kumfukuza.

Kikanigusa tena. Safari hii kikakishika kidole. Kilikuwa baridi, chenye subira, na kikaanza kukiinua... taratibu, namna ileile nilivyofanya mimi.

Koleo ikaanguka. Mkono wangu ukajifumba wenyewe, kwa nguvu ambayo siijui. Hakukuwa na mtu. Nilisikia tu pumzi, na ile harufu. Kikaacha kidole cha mwisho, kikaenda kwenye cha pili. Kikajaribu. Kikaenda kwenye cha tatu. Kule ndani ya ngumi kulikuwa na kitu kigumu, chembamba. Sarafu nilikuwa nimeifungia kwenye kikasha, na kikasha kabatini.

Mkono haukufunguka mpaka alfajiri.

Tangu hapo ni kila jioni. Niliitupa mtoni, na jua lilipozama ilikuwa kiganjani, imelowa. Nilimwambia mke wangu ni baridi yabisi. Kazi za jioni nikaziacha. Mteja mmoja akanitania kwamba hatimaye fundi saa amejua saa ya kufunga. Nikacheka naye.

Mwezi wa pili nikaenda kwa dada. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kuketi kwenye kiti chake.

Hakupaza sauti. Aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakimbia barabarani, wewe ulikuwa unamfumbua mama vidole."

"Ndiyo, dada."

"Na nikakushukuru."

Akajipangusa vumbi la mchele viganjani. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Hata yeye hakupewa. Aliitoa mkononi mwa bibi, mama mkwe wake. Aliniambia mwaka jana, akilia kwa aibu. Na bibi naye aliitoa mkononi mwa mtu mwingine. Mama alisema hawezi kumpa mtu yeyote, ni lazima mtu aje aichukue mwenyewe. Na hakutaka mtu huyo awe wa kwetu. Nilipokuta kiganja wazi, nilidhani imekwenda naye."

"Kinachofungua vidole ni nini?"

"Hakujua. Alisema tu, kila mwaka kinazidi nguvu."

Nikamnyooshea sarafu. Sijui nilitegemea nini. Dada akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa.

"Nenda nyumbani, kaka," akasema. "Na usiku wa leo, ukimtafuta wa kuichukua, usinifikirie mimi."

Hajafungua mlango wake kwangu tena. Simlaumu.

Hiyo ni miaka minne. Mkono wangu sasa hufumba tangu saa tisa alasiri, na asubuhi unachelewa kufunguka. Mke wangu amehamia chumba kingine. Wenzangu wawili wameacha kuja Jumamosi. Amebaki mwalimu. Anakuja mapema, kabla jua halijageuka, ananiletea magazeti na kunikorogea chai kwa kuwa mimi siwezi.

Jumamosi iliyopita aliniuliza kwa upole kama sarafu ya shangazi ilipotea.

Ningemwambia ilipotea. Ningemwambia asije tena. Badala yake nilikunjua kiganja, nikamwachia lenzi. Nikamweleza pua ya mfalme iliyolika, herufi mbili zilizokatwa, na yule mtu wa nyundo ambaye mkono ulimkwenda pembeni. Nilisimulia vizuri. Sijawahi kusimulia vizuri namna ile.

Ya vidole sikumwambia.

Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yameng'aa. Hakuomba. Alinitazama mkono, kisha akanitazama mimi, jinsi nilivyokonda, akauliza siku hizi nalala na nani chumbani.

"Peke yangu," nikamjibu. "Mlango sifungi."