Kiti cha Kuazima

Fundi alikutwa chooni, kakaa sakafuni, mgongo kauegemeza ukutani na miguu kainyoosha kama mtu aliyechoka kungoja. Damu ilikuwa imetambaa mpaka nje ya mlango. Mfagiaji alipoiona alitupa ndoo akapiga yowe, na wodi nzima ikasimama.

Inspekta alikusanya sketi yake, akachuchumaa karibu na maiti. Hakuona jeraha la kisu wala alama ya kupigana. Mkono wa kushoto tu ndio uliokuwa umelowa, pale kwenye mshipa mnene ambao wagonjwa wa figo hutengenezewa kwa ajili ya sindano za mashine.

"Kafa kwa kutokwa na damu," alisema daktari wa polisi. "Katoka kwenye mashine ya kusafisha damu muda si mrefu. Damu yao wakati huo ina dawa ya kuizuia isigande, ndiyo maana hufungwa bandeji ya kubana. Ikitoka mapema, ni bomba limefunguliwa."

"Imetoka yenyewe au imetolewa?"

Daktari alionyesha kwa kidevu. Juu ya tangi la choo ilikuwepo bandeji. Ilikuwa imekunjwa mviringo, vizuri kabisa, ncha yake imechomekwa ndani.

"Labda aliikunja mwenyewe," alisema sajini.

"Kwa mkono mmoja, huku roho inamtoka?"

Inspekta aliitia bandeji kwenye mfuko wa vielelezo, akaagiza kitasa cha mlango kichukuliwe alama za vidole.

Chumba cha mashine kilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Viti vyote vilikuwa na watu, wamelala wakitazama dari, na hakuna aliyetaka kuangalia kiti kimoja kitupu karibu na dirisha.

"Nilimfunga mimi, nikakaza!" Sista alianza kabla hajaulizwa. "Msije mkaniangushia jumba bovu."

"Hakuna aliyekutaja, sista. Alitoka na nani?"

"Alisema ana kizunguzungu, anakwenda chooni. Nikamwambia ngoja nikushike. Mara mashine ya mwingine ikalia, nikageuka. Kurudi, hayupo."

Mdogo wake marehemu alikuwa ameletwa ofisini. Alikuwa mwanamke mwembamba, na alishikilia kiwiko chake kana kwamba kitaanguka.

"Ulikuwa wapi kaka yako alipokufa?" Sajini alimrukia.

"Kwa daktari mkubwa, hospitali ya pili. Nachukua majibu ya mwisho ya vipimo."

"Vipimo vya nini?"

"Jumatatu tulikuwa tunaingia chumba cha upasuaji. Nampa figo yangu moja."

Sajini alimtazama Inspekta kwa jicho la ushindi. "Uliogopa kisu, siyo?"

"Niliogopa! Usiku silali. Wewe hungeogopa?" Machozi yalimbubujika. "Lakini mwenye woga hukimbia, afande. Mimi mbona nilikuwa nakwenda?"

"Nani mwingine alijua?" Inspekta aliuliza kwa upole.

"Hakuna. Hata sista hajui. Kaka alinikataza. Alisema wenzake mle ndani hawana wa kuwatolea, kuwaambia ni kama kula mbele ya wenye njaa. Alitaka aondoke kimya kimya, akipona ndiyo awaage."

Daktari mkubwa alithibitisha kwa simu kwamba kweli alikuwa naye.

Inspekta alirudi kwa sista na ule mfuko wa vielelezo.

"Bandeji mnakunja hivi ninyi?"

"Sisi? Muda huo tuutoe wapi? Tukizifungua tunazitupa tu kwenye beseni. Wanaofua na kukunja ni ndugu wa wagonjwa, maana hapa bandeji haziji kila siku."

"Ndugu gani walikuwepo nje?"

"Hawakuwa wengi leo. Alikuwepo Baba Benchi, lakini yeye huyo ni kama fanicha ya hapa."

"Ndiye nani?"

Sista alishusha sauti. "Ana binti. Binti hana kiti, mashine zote zina wenyewe. Kwa hiyo kila siku anamleta, wanakaa kwenye benchi. Asipokuja mtu, binti anaingia. Sisi tunakiita kiti cha kuazima. Zipo wiki watu wote wanakuja, basi mtoto anarudi nyumbani kavimba uso hivyo hivyo."

"Baba hawezi kumtolea figo?"

"Ana kisukari. Alipimwa, akakataliwa. Mama alishakufa."

"Na kiti cha kudumu hupatikana lini?"

"Mtu akifa." Sista alitazama viatu vyake. "Au akipandikizwa figo, akaachana na mashine. Lakini hilo, tangu nianze kazi hapa, nimeliona mara moja."

Inspekta aliandika kwenye daftari lake: Baba Benchi.

Baba Benchi aliitwa kituoni asubuhi yake. Alivaa shati lililopigwa pasi, akasalimia kila askari. Inspekta alimpa kiti. Mezani palikuwa na bandeji moja tu, mpya, ndefu, imetupwa ovyo kama utumbo.

"Fundi ulimfahamu?"

"Nani asiyemfahamu? Mtu wa utani yule. Alikuwa ananiambia, Baba Benchi, ukifa wewe tutakuzika na benchi lako."

"Jana ulimwona akienda chooni?"

"Hapana. Nilikuwa nimesinzia."

"Binti alikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala kwenye benchi. Siku hizi analala sana. Sumu ikizidi mwilini, mtu anakuwa hivyo."

Alikuwa anaongea taratibu, macho kwa Inspekta. Mikono yake ilikuwa na shughuli zake. Iliiokota bandeji, ikainyoosha juu ya paja, ikaanza kuikunja. Ilipofika mwisho, kidole gumba kikaichomeka ncha ndani.

Baba Benchi aliangalia chini, akaona alichokishika. Aliiweka mezani polepole, kama yai.

"Alama za vidole za kwenye kitasa zipo maabara, baba," alisema Inspekta. "Niambie mwenyewe."

Mzee aliisukuma bandeji mbali naye.

"Alikuwa anayumba," alisema mwishowe. "Nikamshika. Akasema, asante ndugu yangu. Mle ndani akaishiwa nguvu, akakaa chini, akazimia. Nikamtazama. Nikasema, huyu hana mtoto, hana mke, kaishi. Wangu hajaishi. Mkono ukaenda. Siwezi kukudanganya kwamba sikujua nafanya nini, nilijua. Nilikaa naye mpaka mwisho. Sikumwacha peke yake."

"Kwa nini uliikunja?"

"Sijui. Nimezikunja nyingi mno."

Kisha akainua uso, na ndani ya macho yale kulikuwa na kitu kibaya zaidi ya woga, kulikuwa na matumaini. "Afande, kiti atapewa? Hawatamnyima kwa ajili yangu?"

Inspekta angeweza kunyamaza. Lakini mahakamani angesomewa yote mbele ya watu.

"Fundi alikuwa amepata figo, baba. Ya mdogo wake. Jumatatu alikuwa anakwenda kupandikizwa. Kiti angekiacha."

Mwanzoni mzee hakuelewa. Aliuliza, "Jumatatu ipi?" Akajibiwa ni hii inayokuja. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo kama aliyesikia mzaha wa ovyo. Halafu akaangusha paji la uso mezani, na sauti iliyomtoka ilimfanya sajini atoke nje.

Mchana Inspekta alikwenda wodini. Binti alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mipira ya damu imepita begani, uso umeanza kupungua uvimbe. Umri wake ulikuwa wa kucheza, lakini mikono yake ilikuwa ya bibi kizee.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unajisikiaje?"

"Leo maji yana ladha ya maji. Sista kaniambia kiti hiki ni changu sasa, si cha kuazima tena." Akaona haya. "Kilikuwa cha Fundi. Masikini. Nikikifurahia ni dhambi?"

"Si dhambi."

"Baba ameshajua kama nimepata?"

Inspekta aliitazama damu ikizunguka kwenye mashine, ikitoka na kurudi. Saa za mtoto za kukaa kwenye mashine zilikuwa bado hazijaisha.

"Anajua," alisema.

Binti akafumba macho, akatabasamu.

"Basi leo atalala," alisema. "Siku nyingi baba hajalala."