Pakiti Mbili kwa Siku

Mvua ilitukimbia misimu miwili. Shamba lilipasuka, mbuzi wakafa mmoja baada ya mwingine, na ghalani hata panya walihama. Kila asubuhi nilikwenda kisimani na madumu mawili, nikirudi jua limepanda. Mama mkwe alibaki na watoto wangu wanne.

Mama mkwe ni mtu wa haki. Kwake hata kipande cha muwa hugawanywa sawasawa. "Nyumba hii hakuna anayekula mwenzake akimtazama," husema, na akisema amesema.

Kitindamimba wetu, wa mwaka mmoja na nusu, akaanza kukonda. Hata kulia aliacha. Nikampeleka kwa mhudumu wa afya wa shirika la msaada, aliyefungua kituo pale shuleni. Alimzungushia mkononi utepe wa kupimia unene wa mkono. Ukasoma rangi nyekundu.

"Nyekundu ni hatari, dada. Ana utapiamlo mkali, ila umemuwahi. Mnyonyeshe kwanza, kisha mpe chakula dawa hiki, pakiti mbili kwa siku, na maji safi. Wiki ijayo niletee pakiti tupu."

Ndani ya kila pakiti mlikuwa na rojo la karanga, maziwa, sukari na mafuta. Nilimkabidhi mama mkwe pakiti zote kumi na nne.

Wiki ilipokwisha tulirudi kituoni, mimi na mama mkwe. Pakiti zote tupu, lakini mtoto hakuongezeka uzito hata kidogo. Mhudumu alishangaa.

"Mama, anazimaliza mwenyewe?"

"Anamaliza sehemu yake," mama mkwe alijibu, kifua mbele. "Watoto wanne, mafungu manne. Mimi sina upendeleo."

Nilitamani ardhi inimeze, na nyufa zilikuwa tele. Mhudumu hakucheka. Alisogeza kiti karibu.

"Mama, mmoja akiugua malaria, vidonge unawagawia wote?"

"Nina wazimu? Nampa mgonjwa!"

"Basi hii nayo ni dawa. Robo ya dozi haiponyi. Tukiendelea hivi, mtoto huyu tutamzika."

Mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo, "Na wale watatu wakinitazama, nifumbe macho?"

"Umeuliza jambo la maana. Walete niwapime. Halafu, mmejiandikisha kwa mgao wa chakula?"

Hatukuwa tumejiandikisha. Mama mkwe alikuwa amekataa. Alisema mgao ni wa wasiojiweza, na sisi bado tunasimama.

"Msaada haungoji mtu aanguke, mama," mhudumu alisema. "Unakuja mapema ili njaa isiue. Ukijiandikisha leo, hujajidhalilisha. Umewalinda wajukuu."

Siku ile ile mama mkwe alibonyeza kidole gumba kwenye wino, tukaandikishwa. Tulipata unga, maharage na mafuta. Wale wakubwa walipimwa: wawili kijani, mmoja njano. Wa njano naye akapewa chakula chake cha nyongeza.

Nyumbani, mama mkwe alimpakata kitindamimba na kumlisha mwenyewe. Dada yake akanyoosha mkono. Mama mkwe aliutazama mkono ule, lakini hakutoa. "Hii ni dawa ya mdogo wako. Uji wako ule pale, mwanangu."

Wiki ya pili uzito ulipanda. Wiki ya tano mtoto alilia kwa nguvu hadi majirani wakaja, nasi tukacheka kwa furaha. Wiki ya tisa utepe ulisoma kijani.

Mhudumu akawafundisha wanawake kupima watoto kwa utepe. Wa kwanza kujitokeza alikuwa mama mkwe. Sasa hupita nyumba kwa nyumba, na ole wake anayemficha mtoto.

Juzi kituoni, mama mmoja kijana alipewa pakiti. Mama mkwe akasimama mbele ya watu wote.

"Mwanangu, mimi niliigawa dawa hii nikidhani natenda haki. Nusura nimuue mjukuu wangu. Wewe usigawe. Hao wengine waandikishe mgao leo."

Mwanamke asiyekubali kukosolewa hata chumvi ya mboga! Nilimwonea fahari mpaka machozi yakanitoka.

Ukame bado upo. Lakini mwaka huu, kijijini kwetu, hatujazika mtoto hata mmoja.