Chetezo cha Petta

Homa ya Nusura ilishuka Jumanne adhuhuri, na kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa ugoro. Ana miaka mitano. Zainah, mama yake, alicheka, akadhani ni mabaki ya homa.

Chetezo kilikuwa bado kina joto kando ya kitanda. Hakikuwa chao. Kilikuwa cha kanisa la kijiji cha Petta, cha fedha tupu, kimenakshiwa mizabibu mpaka kwenye kifuniko. Katekista Oketcho alikileta hapa Busia kwa Huzaifa, mume wa Zainah, fundi wa kulehemu, aunge mnyororo uliokatika. Kazi ya saa moja. Huzaifa alikaa nacho wiki saba, kila siku kesho, maana fundi wetu huyu ulimi wake hufanya kazi kuliko mikono. Asubuhi ile Zainah alikifunga waya, akatia makaa na ubani, akamzungushia mtoto mara tatu kumtoa husuda.

Kufikia alasiri nyumba ilinuka udongo mbichi. Nusura aliketi mkekani, miguu ameinyoosha kama bikizee, akachota majivu akaanza kukisugua chetezo, jani moja moja la mzabibu, huku akinong'ona Kidhopadhola, lugha ya watu wa Petta ambayo hakuna aliyemfundisha, na kila mama yake alipomgusa bega alilikuta baridi kama sakafu, na sauti iliyomjibu ilikuwa ya kikongwe, imechoka, haina hata chembe ya utoto.

Huzaifa alimpigia Oketcho simu. Oketcho alipofika na kumwona mtoto anavyosugua, aliitambua mikono ya mama yake. Awor, mama huyo mnusa ugoro, ndiye aliyekisafisha chetezo kile kwa majivu miaka arobaini, na ombi lake lilikuwa moshi wa chetezo uzunguke jeneza lake. Oketcho alikuja kumsihi Huzaifa siku mama alipokata roho. Huzaifa alisema kesho. Awor akazikwa bila moshi. Aibu iliyoje.

Sasa Huzaifa aliulehemu mnyororo mbele yao.

"Mzee, peleka kwa kaburi leo," alinong'ona. "Mpe moshi yake, aachie mtoto yetu."

Oketcho alikichukua, akafika mlangoni. Nyuma yake mtoto alimwita mwanangu, kwa lugha yao, akamuuliza kama tangu asubuhi amekula. Oketcho akarudi, akakiweka chetezo chini, akaketi mkekani akilia.

"Mama alikuwa nataka kitu moja tu, wewe ukamnyima," alimwambia Huzaifa. "Sasa amerudi. Mimi namfukuza namna gani?"

Zainah alimshika Oketcho miguu, akamwomba kwa Mungu wao wote wawili akipeleke chetezo kaburini. Oketcho hakumtazama. Basi Zainah akamwita mwanawe kwa jina, mara tatu, kwa sauti ndogo. Nusura hakugeuka. Alikuwa amevuta ncha ya leso ya Zainah, anampangusa Oketcho machozi.