Dawa Isiyoshukuriwa

Hamjambo, jamaa. Mlio mlangoni ingieni, na mwenye kikombe akiweke chini, maana hii haitaki kelele. Ilimpata jirani yangu, Nuala Heffernan, hapa hapa Clare, na alinisimulia mwenyewe.

Nuala ni fundi wa kushona, mjane, anaishi peke yake nyuma ya duka lake. Miaka tisa baridi yabisi ilimvimbisha vidole mpaka vikafanana na vipande vya tangawizi. Hakuna ambacho hakujaribu. Vidonge vya hospitali vilimchoma tumbo. Akanywa chai ya thabai, yale majani yanayowasha, akanywa manjano, akanywa siki ya tufaha mpaka meno yakamuuma. Kanisani kila mtu alikuwa na jani lake la kumshauri, na wote walimwambia avumilie, dawa za mitishamba huenda polepole. Polepole mpaka lini? Gauni la harusi la watu lilikuwa mezani, na sindano haikamatiki. Bila vidole, duka linafungwa.

Wifi yake, Concepta, ndiye aliyempeleka kwa Mossie Tuohy, mzee aliyeachiwa dawa na mama yake. Unakwenda mara tatu: Jumatatu, Alhamisi, Jumatatu. Hulipi kitu. Sharti ni moja tu.

"Usiseme asante," Mossie alimwambia.

"Nitibiwe nisishukuru? Umelelewa wapi wewe?"

"Humu humu. Ndiyo maana nakwambia."

Siku ya kwanza alimpaka rojo la mzizi mweusi unaoteleza, akamfunga kitambaa. Jioni uvimbe ukapungua. Nuala hakufurahi. Nafuu za siku moja zilishamdanganya mara nyingi.

Alhamisi Nuala na Mossie walikaa sebuleni wakisubiri dawa. Jikoni kulikuwa na mtu anatwanga. Tu. Tu. Tu. Nuala akauliza ni nani. Mossie akasema anaishi peke yake, halafu akaanza habari za mvua.

Nuala alitaka kuondoka. Lakini asubuhi ile alikuwa ametunga uzi sindanoni, mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Akakaa.

Jumatatu ya mwisho, mchana kweupe, vidole vilimtii vyote kumi. Akafika mlangoni. Sasa, watu wa huku mnatujua: hata dereva wa basi akitushusha kituo sicho, tunamshukuru. Nuala akageukia jikoni, kule kulikokuwa kunatwangwa bado.

"Asante sana, mama."

Kinu kikanyamaza.

Mossie hakumtazama. Akanong'ona, "Mama yangu alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Hajawahi kushukuriwa na mtu."

Jumatano vidole vikavimba upya, kuliko zamani. Nuala alitupa makopo yote ya majani uani. Alhamisi akarudi kwa Mossie kugombana.

Mossie alifungua mlango amenyoa ndevu, uso umepumzika. Akasema dawa haipo tena pale. Tangu Jumatatu nyumba iko kimya, na yeye analala. Halafu akatazama juu kidogo ya bega la Nuala.

"Mpe kiti," alisema taratibu. "Hapendi kusimama."

Nuala akamtukana, akarudi kwake, akafunga mlango kwa komeo. Baada ya kula, akasinzia kitini.

Aliamka saa tisa usiku.

Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa kitambaa. Mafundo mawili, moja kila mkono. Mtu anaweza kujifunga mkono mmoja. Wa pili unafungwa na nani?

Komeo lilikuwa mahali pake.

Akafungua kwa meno. Chini ya rojo, vidole vimenyooka kama vya msichana. Akaketi akivitazama, analia kwa hasira, maana alijua hatamfukuza yule mama.

Gauni lilikwisha Ijumaa. Siku hizi dukani kuna kiti cha pili, karibu na cherehani. Sijaona mtu akikikalia. Mto wake umebonyea katikati, na ukiugusa una joto.

Haya, naenda kwa Nuala kuchukua suruali yangu kabla hajafunga. Nitapita tena kwenu, mkiwa bado mna kuni. Msinisindikize.