Gitaa la Mashoto

Asubuhi ya Paracho, mji wa magitaa huko Meksiko, huanza kwa sauti ya randa. Shwaa, shwaa, shwaa. Nyumba hii wanakunja mbao za ubavu, nyumba ya pili wanachonga shingo, ya tatu wanapaka vanishi. Mtoto wa hapa huijua harufu ya gundi kabla hajajua kusoma.

Abundio Zalapa alikuwa fundi hodari wa magitaa. Hata washindani wake walikubali. Kazi aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu. Lakini mwaka ule magitaa yake yalining'inia tu darini. Wageni walikuwa wachache, na maduka yalikuwa mengi, yamepangana bega kwa bega, yote yanauza kitu kilekile. Dalali alipopita na gari lake, alitaja bei ya kutia uchungu.

"Chukua au acha," alisema. "Jirani yako ananipa kwa bei hiyohiyo."

Abundio alichukua. Angefanya nini?

Asubuhi moja, wakinywa atole, uji wa mahindi wa moto, aliwaambia mkewe Eufrosina na binti yao Yunuén:

"Mavuno ya parachichi yakianza, nakwenda mashambani Uruapan. Nimeshazungumza na msimamizi."

"Na karakana, Baba?" Yunuén aliuliza.

"Karakana tutaifunga."

Eufrosina aliacha kumenya korunda yake, andazi la mahindi lililofungwa kwa majani. "Fundi wa magitaa akachume parachichi! Mikono hiyo?"

"Mikono hailiwi, Mama Yunuén."

Akainuka, akaenda karakana.

Yunuén hakukubali. Alichagua gitaa moja, akalipiga picha kwa simu, akaliweka kwenye soko la mtandaoni. Aliandika maneno manne tu: "Gitaa zuri, bei nafuu." Haukupita muda, mtu wa mji wa mbali, Monterrey, akalinunua. Nyumba nzima ilishangilia. Abundio mwenyewe alilifunga gitaa kwa magazeti, akalitia kwenye boksi kubwa, akalikaza kwa kamba.

Baadaye gitaa lilirudi. Shingo ilikuwa imekatika. Na mteja alikuwa ameandika mahali ambapo kila mtu anaona: "Limefika limevunjika. Niliuliza maswali, sikujibiwa hata moja." Akaweka nyota moja.

"Nyota moja!" Abundio alifoka. "Mimi Zalapa, napewa nyota moja na mtu ambaye hata sura yake siijui!"

"Baba, pole. Labda waliobeba mzigo..."

"Basi! Mambo ya simu waachie wauza viatu. Gitaa mtu hulishika, hulisikiliza, ndipo hununua."

Wakati huohuo hodi ikapigwa. Alikuwa Ofelia Equihua, jirani yao. Ofelia na wanawe huchonga vipekecho vya mbao vya kuchanganyia chokoleti, na huviuza mtandaoni hadi nchi za mbali. Alikuja kuomba msasa. Macho yake yakaangukia boksi.

"Shemeji, hili kalifunga nani?"

"Mimi."

"Ulikuwa unafunga gitaa au unafunga kilo ya nyama?"

Eufrosina aliangua kicheko. Abundio alijaribu kununa, ikamshinda.

Ofelia aliketi. Aliomba kuona tangazo la Yunuén. Akalitazama, akatikisa kichwa.

"Picha ina giza. Vipimo hakuna. Mbao gani, haijasemwa. Mwanangu, ukiingia dukani una macho, masikio na mikono. Mtandaoni mteja hana hata kimoja. Wewe ndiye macho yake."

"Na masikio?" Abundio aliuliza kwa kejeli. "Gitaa bila kulisikia ni ubao tu."

"Umesema kweli, shemeji. Kwa hiyo lipige, Yunuén akurekodi. Aweke na sauti."

Abundio aliyatazama magitaa darini.

"Na maswali je?" Yunuén aliuliza. "Niliyaona nikiwa na kazi. Nikasema nitajibu kesho."

"Kesho mteja yuko duka lingine. Jibu leo, hata kama jibu ni 'sijui, ngoja nimuulize fundi.' Na hili ulishike sana: usitume mzigo kabla hujaona fedha kwenye akaunti yako. Picha ya risiti si fedha. Namba yako ya siri usimpe mtu, hata akisema anatoka benki."

"Na huyu wa nyota moja?" Abundio alisema. "Huyu nimfanye nini?"

"Mrudishie fedha zake, muombe radhi. Halafu msome tena. Huyo ni mwalimu wako, na wala hakutozi ada."

Ofelia akawaeleza yaliyompata yeye. Mwanamke mmoja wa Norwei alimlalamikia kwamba mpini wa kipekecho ni mwembamba mno. Ana baridi yabisi, vidole vyake havishiki. Ofelia alikasirika kwanza. Kisha akamchongea chenye mpini mnene.

"Leo wanaonunua minene ni wengi kuliko wa ile ya zamani. Ningejuaje, nimekaa hapa Paracho? Malalamiko ndiyo yaliyonifundisha kitu kipya."

Siku iliyofuata kazi ilianza. Walianza na boksi. Ofelia alileta sponji na plastiki yenye vipovu vya hewa. Abundio alitoa gitaa kuukuu lenye ufa.

"Lifunge vizuri," Ofelia alisema. "Umemaliza? Haya, liangushe."

"Niliangushe?"

"Kutoka juu ya meza. Wewe unadhani kwenye malori wanalibembeleza?"

Abundio alifumba macho, akaliachia. Pu! Walipofungua, shingo ilikuwa imelegea.

"Umeona? Tumbo la gitaa limetulia, lakini shingo inacheza. Ishikilie shingo kwanza. Halafu legeza nyuzi, zisiivute njiani."

Wakafunga tena, wakaangusha tena. Majirani walikuja kuchungulia. Mmoja aliuliza kama Abundio amegombana na magitaa yake. Mwishowe boksi lilianguka, likabiringika hadi mlangoni, na gitaa likatoka zima. Abundio aliliinua juu kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Yunuén alipiga picha mpya karibu na dirisha, penye mwanga. Aliandika vipimo vyote. Abundio alipoona ameandika pia kwamba ubao wa nyuma una jicho dogo la mti, alama ya tawi, alishtuka.

"Unanitangazia aibu?"

"Baba, akiliona kwenye picha ni urembo. Akilikuta kwenye boksi ni wizi."

Magitaa yakaanza kutoka. Kwanza moja, tena kwa kusuasua, kisha mengine. Nyota nazo zikaongezeka. Lakini hayakuwa mengi, maana mtandaoni pia mafundi wa magitaa ni wengi. Siku za mavuno zilikaribia. Abundio alikuwa ameshanoa kisu cha kuchumia parachichi.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Winnipeg, Kanada. Aliyeandika alikuwa mwalimu wa muziki. Yunuén aliutafsiri kwa simu, akasoma kwa sauti: "Nina wanafunzi wanaotumia mkono wa kushoto. Je, mnatengeneza magitaa ya mashoto? Nimetafuta sana."

Abundio alicheka. "Mwambie ageuze nyuzi! Ya chini iende juu, ya juu ije chini. Kazi kwisha."

Eufrosina alikuwa jikoni akikoroga maharage. Alisimama na mwiko mkononi.

"Baba Yunuén, unajua kwa nini sijawahi kupiga gitaa?"

"Si hupendi?"

"Nilipenda tangu msichana. Hebu tazama mwiko nimeushika kwa mkono gani."

Abundio alitazama. Ulikuwa mkono wa kushoto.

"Miaka yote hii?" alisema polepole.

"Miaka yote. Nimeolewa na fundi wa magitaa, naishi kwenye nyumba iliyojaa magitaa, na hakuna hata moja linalonikubali."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe uliwahi kuniuliza? Huyo wa Kanada angalau ameuliza."

Abundio alitoka hadi karakana. Alirudi na gitaa, akageuza nyuzi, akampa mkewe. Eufrosina aligusa. Nyuzi nene hazikukaa kwenye mifereji ya shingoni, iliyochongewa nyuzi nyembamba. Zikavuma kama nyuki ndani ya chupa.

"Kumbe si nyuzi tu," Abundio alinong'ona. "Ni gitaa zima linalotakiwa kugeuzwa."

Alirudi karakana. Alichukua kigezo cha babu yake, akakipindua, akachora upya. Aligeuza hadi mbavu nyembamba zinazobandikwa ndani ya ubao wa mbele. Ubao wa kwanza aliuharibu, kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea upande mmoja. Alitukana, akacheka, akaanza tena. Kila alipofika hatua mpya, alimwita Eufrosina aje ashike. "Hapa panakuumiza? Na hapa?" Siku za mavuno zilifika. Msimamizi wa mashamba alipiga simu. Abundio alimwambia ana kazi.

Lilipokamilika, Eufrosina alipiga uzi mmoja. Sauti ilitoka safi. Akapiga tena, akaketi, akalia kidogo huku anacheka.

Mwalimu wa Winnipeg alilipokea, akaagiza mengine. Yunuén akaandika juu ya tangazo lao: "Magitaa ya mashoto." Maombi yakaja kutoka Chile, Poland, Korea, hata kutoka Morelia, jimbo hilihili.

"Sielewi," Abundio alimwambia Ofelia. "Maisha yangu yote sijaona mashoto wengi hivi."

"Hapa Paracho wangapi wanataka gitaa la mashoto? Labda wachache. Duka haliwezi kuwasubiri hao. Lakini kusanya wachache wa kila mji duniani, shemeji, unapata mji mzima. Na wote wanapita mlango mmoja, wa simu ya binti yako."

Kazi yenyewe ilibadilika. Zamani Abundio alitengeneza gitaa moja hadi mwisho, kisha akakaa kumngojea dalali. Sasa anajua mapema yanayotakiwa. Hukata mbao za magitaa kadhaa kwa pamoja. Gundi ya hili ikikauka, anapiga msasa lile. Hanunui mbao kwa kubahatisha, wala hakuna gitaa linalolala darini. Kazi ya shingo anampa binamu yake, na maboksi yanaundwa na wana wa Ofelia kwa kipimo chake. Yunuén anajibu wateja na kuandika wanalolalamikia. Eufrosina hupiga kila gitaa la mashoto kabla halijafungwa. Lisipomridhisha, halitoki, hata mumewe apige kelele namna gani.

"Bosi amekataa," Abundio huwaambia majirani. "Mimi nifanyeje?"

Majirani nao wameanza. Mmoja anatengeneza magitaa madogo ya watoto wenye vidole vifupi, kwa sababu mama mmoja aliuliza. Dalali bado anapita na gari lake, lakini siku hizi hutaja bei kwa adabu.

Asubuhi moja mwalimu wa Winnipeg alituma video. Familia ilikusanyika kuizunguka simu. Msichana mdogo mwenye kofia ya sufu alikuwa akipiga gitaa lao kwa mkono wa kushoto, ulimi umemtoka kwa bidii. Nje ya dirisha lake theluji ilikuwa ikianguka.

Abundio aliweka sikio karibu. Uso wake ukakunjamana.

"Uzi wa tano umelegea! Kaza, mwanangu, kaza!"

"Baba, hakusikii. Ni video."

"Basi nipe hiyo simu."

"Nikuandikie?"

"Nipe, nimesema."

Abundio, ambaye hakuwahi kumwandikia mteja hata salamu, aliketi, akavaa miwani, akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Atole yake ilipoa mezani. Hakuna aliyethubutu kumwambia.